Kuomba Moto kwa Jirani

Leo nataka tuzungumze habari za jirani. Sisemi jirani mwema wala jirani mbaya. Nasema jirani tu, yule ambaye moshi wa jiko lake huingia nyumbani kwako, na kuku wake huparua katika bustani yako.

Neno hili lilinijia kwa sababu ya chumvi. Siku za Noeli iliyopita mkwe wangu, mke wa mwanangu anayekaa Dar es Salaam, alikuja kututembelea huku kwetu Unyamwezi pamoja na watoto wao wawili. Jioni moja mama watoto alikuwa jikoni akipika kisamvu. Akafungua kopo la chumvi, kumbe limekwisha. Akamwita mjukuu wetu mkubwa, akampa kikombe, akamwambia, "Nenda kwa bibi wa ng'ambo ya njia. Msalimu, kisha mwambie bibi anaomba chumvi."

Mkwe wangu akainuka upesi. "Hapana, Mama, asiende. Fedha ninayo, nitamtuma dukani."

"Duka liko mbali, na jua limekuchwa," akajibu mama watoto. "Hapo ni karibu."

"Lakini Mama, naona aibu kuomba-omba. Kwetu mjini ukiomba chumvi leo, kesho watu wanasema Fulani ana shida, mumewe hampi matumizi."

Mama watoto akacheka. "Mwanangu, jana bibi huyo alichukua ungo wangu. Juzi mimi nilitwanga karanga katika kinu chake. Nisipoomba chumvi leo, kesho yeye ataona haya kuja kuomba kiberiti. Na njia isiyopitwa huota majani."

Mtoto akaenda. Akarudi na chumvi kikombeni, na mkononi pilipili mbili ambazo hakuna aliyeziomba. Tukala, tukashiba, tukamshukuru Mungu. Lakini maneno yale ya jikoni hayakunitoka. Nilijiuliza, je, nani kati ya wanawake hawa wawili amesema kweli? Nikaona kwamba wote wawili wamesema kweli, na kwamba jambo hili lafaa kuangaliwa vizuri.

Nilipokuwa mtoto, kiberiti hakikuchezewa. Usiku mama alifukia makaa katika majivu, na asubuhi akayafukua na kupuliza. Siku nyingine makaa yalikuwa yamezimika. Hapo mtoto mmoja alipewa kigae cha chungu, akatumwa kwa jirani kuomba moto. Kazi hiyo mara nyingi ilikuwa yangu. Nilifika, nikapiga hodi, nikapiga magoti kuwasalimu wakubwa. Waliniuliza baba ameamkaje, mama ameamkaje, yule ndama mgonjwa je? Nami nilijibu. Kisha nilipewa kijinga cha moto, nikakimbia nacho kabla hakijazimika.

Sasa ninapofikiri naona kwamba nilipeleka habari na kurudi na habari. Moto ulikuwa sababu tu. Kwa njia hiyo kila nyumba ilijua hali ya nyumba ya pili kabla jua halijapanda. Tena, siku moshi usipoonekana kwa mtu, wala mtoto wake asipokuja kuomba moto, mtu alikwenda kutazama kuna nini.

Wakati ule nyumba zetu zilikuwa mbali mbali. Halafu yakaja mambo ya kuhamia vijijini. Mwaka 1973 Serikali iliamuru kwamba watu wote wa mashambani wawe wanakaa katika vijiji ifikapo mwaka 1976. Mahali pengine watu walikwenda kwa hiari. Mahali pengine walihamishwa kwa nguvu, na nyumba zao zikabomolewa nyuma yao. Wazee wengi bado wanayo mengi moyoni juu ya siku zile, nami siwezi kuyamaliza leo.

Sisi tulihama mwaka 1974. Tulishushwa mahali palipopimwa kwa mistari, nyumba hii hapa, nyumba ile pale, kama viti vya darasani. Kuume kwetu waliwekwa watu tusiowajua. Ng'ambo ya njia waliwekwa watu ambao hata lugha yao hatukuisikia vizuri. Hakuna aliyemchagua mwenzake. Mama yangu aliketi juu ya mzigo wa vyombo akalia. Mvua ilikuwa imetunyea njiani, kuni zilikuwa zimelowa, na hatukuwa na moto.

Jioni ile mwanamke wa ng'ambo ya njia alivuka akaja kwetu. Hakuja kutupa kitu. Alikuja kuomba maji ya kumnywesha mtoto wake, kwa maana mtungi wao ulikuwa umevunjika safarini. Mama akafuta machozi, akampa maji. Kisha naye akamwuliza, "Je, kwenu mmepata moto?" Wakapata kijinga kimoja kwa nyumba mbili. Baadaye mama alipenda kutusimulia, "Siku ile hakuna aliyekuwa na kitu cha kutoa, lakini kila mtu alikuwa na kitu cha kuomba."

Yule mtoto aliyenyweshwa maji ya mtungi wetu ndiye bibi wa leo mwenye chumvi na pilipili.

Basi, tuje mjini. Watu wengi wa shamba husema mjini hakuna ujirani. Husema kila mtu mjini ni wake mwenyewe. Mimi nimekwenda mjini mara kadhaa, nami nasema si kweli. Jiji la Dar es Salaam lilipohesabiwa watu mwaka 1967 lilikuwa na watu wapatao 270,000 na zaidi kidogo. Katika sensa ya mwaka 2022 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 5. Watu wengi namna hiyo hawawezi kuishi pamoja pasipo ujirani wowote. Ujirani upo, ila sura yake ni nyingine.

Mwanangu alipoanza kazi alipanga chumba Manzese, katika nyumba ile tunayoiita ya Kiswahili. Msomaji asiyeiona na aelewe hivi. Katikati kuna ukumbi mrefu kutoka mlango wa mbele mpaka uani. Kuume vyumba vitatu, kushoto vyumba vitatu. Uani kuna mahali pa kupikia, bafu na choo. Katika kila chumba mna mtu na mkewe na watoto wao, au vijana wawili watatu wanaotafuta maisha. Nyumba moja yaweza kuwa na makabila sita na dini mbili.

Nilikaa pale siku kumi. Nikasikia magomvi yao. Mita ya umeme ni moja, basi nani anapiga pasi kila siku, na nani ana jokofu, na mbona wote walipe sawa? Zamu ya kufagia ukumbi ni ya nani? Nani amemwaga maji ya kufulia mlangoni? Asubuhi kwenye choo watu wanapanga msitari, kila mmoja na ndoo yake, na mwenye kuchelewa humo ndani husikia maneno. Katika nyumba nyingine ukuta wa kugawa vyumba haufiki juu kwenye bati, hata mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anamwambia pole.

Lakini niliona na mengine. Siku ya tatu mpangaji mmoja alipata habari ya kufiwa na baba yake huko kwao. Kabla ya saa moja kupita, ukumbi ulikuwa umefagiliwa, mikeka imetandikwa, daftari la michango limefunguliwa, na mwanamke aliyegombana naye juzi juu ya umeme ndiye aliyekuwa anampikia watoto wake. Mwanangu aliniambia kwamba mwezi wa Ramadhani sahani ya futari hugongewa mlango hata kwa Mkristo, na siku ya Noeli pilau huvuka ukumbi kwenda kwa Mwislamu. Hakuna anayetoa hotuba juu ya jambo hilo. Sahani inakwenda, sahani inarudi.

Pamoja na hayo, mkwe wangu hakusema uongo. Katika nyumba kama ile ukiomba chumvi, watu husema. Ukinunua nyama kilo mbili, husema. Mumeo akichelewa, husema zaidi. Mtu huchoka. Ndiyo sababu wengi wakipata fedha kidogo hununua kiwanja pembeni mwa jiji na kuanza kujenga, leo tofali mia, mwakani bati kumi. Mwanangu na mkewe walifanya hivyo. Walijinyima miaka saba, wakajenga nyumba yao upande wa barabara ya Morogoro. Siwalaumu hata kidogo. Nani hapendi kulala mahali ambapo kikohozi chake ni chake mwenyewe?

Basi nilipokwenda kuiona nyumba hiyo nilifurahi sana, lakini jambo moja lilinishangaza. Kila nyumba ya pale imezungushiwa ukuta mrefu kupita kichwa cha mtu. Juu ya ukuta vipande vya chupa, au nyaya. Mbele, geti la chuma. Ndani, tangi la maji, jiko la gesi, taa za jua, mbwa. Mwenye nyumba hutoka alfajiri kwa sababu ya foleni ya magari, hurudi usiku kwa sababu ya foleni hiyo hiyo. Nilimwuliza mwanangu, "Anayekaa mbele yako ni nani?" Akafikiri kidogo, akasema, "Baba, simjui jina. Najua honi ya gari lake."

Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nikajiuliza mgeni ataingiaje, ikiwa geti halifunguliwi? Watu wa mtaa ule hawakuwa na ugomvi wowote. Hakuna aliyemchukia mwenzake. Walikuwa na kila kitu, basi hawakuwa na la kuomba. Hilo tu.

Sasa sikilizeni jambo lililotokea mwezi wa Machi, mvua zilipokuwa zimeanza.

Mwanangu alikuwa amesafiri kikazi kwenda Mbeya. Mtoto wao mdogo, mwenye miaka mitatu, alishinda na homa. Saa nane za usiku homa ikapanda, na mtoto akashikwa na degedege. Macho yakageuka, mwili ukakakamaa, mikono na miguu ikatetemeka. Umeme ulikuwa umekatika. Mkwe wangu akampigia simu mumewe, simu haikupatikana. Nyumbani walikuwa yeye, watoto, na msichana wa kazi ambaye alikuwa analia.

Akatoka mbio mvuani, akagonga geti la mbele. Mbwa wakabweka. Akagonga tena, akaita. Hakuna aliyefungua. Wasomaji wapenzi, msifanye haraka kumhukumu mtu yule wa ndani. Usiku wa manane amesikia mtu asiyemjua akipiga chuma na kupiga makelele. Mjini wezi nao hufanya hivyo. Angeitambua wapi sauti ya jirani ambaye hajapata kuzungumza naye?

Hapo mkwe wangu akakumbuka kitu. Mwisho wa njia ile palikuwa na nyumba ambayo haijamalizika kujengwa, haina hata madirisha, na humo alikaa mama mmoja aliyewekwa na mwenye nyumba kuilinda. Asubuhi alipika vitumbua na kuviuza barabarani. Siku chache nyuma mkwe wangu alinunua vitumbua kwake, akatoa noti kubwa, na chenji haikuwapo. Mama yule akasema, "Nenda navyo tu, utanipa siku nyingine." Deni lenyewe lilikuwa shilingi 500. Mkwe wangu alikuwa ameona aibu kwa deni lile, akakusudia kulilipa upesi ili asiwe na neno na mtu. Lakini siku zikapita, akasahau.

Akakimbia mpaka pale, akaita, "Mama! Mama! Ni mimi, yule wa deni la mia tano!"

Mama yule akatoka na tochi na kanga yake. Hakuuliza mara mbili. Walipofika ndani walimkuta msichana wa kazi anataka kumtia mtoto kijiko kati ya meno. Mama akamzuia. Akamlaza mtoto ubavu, akamlegeza nguo, akamwondolea vitu vya karibu asije akajigonga. Akasema, "Msimtie kitu mdomoni, wala msimkandamize. Hii si kazi ya mganga, ni ya hospitali." Kisha akapiga simu kwa kijana wa bajaji ambaye kila siku hulala karibu naye na kunywa chai kwake kwa mkopo. Kijana akaja. Wakaenda wote, mama akiwa amempakata mtoto na mkwe wangu ameshika begi. Hospitalini walipima damu wakakuta malaria kali. Akatibiwa siku nne, akapona. Daktari aliwaambia kwamba walifanya vizuri kutokungoja mapambazuko.

Enyi akina mama mnaosoma, yashikeni hayo ya degedege, maana huku vijijini bado wako wanaoleta moshi na hirizi wakati mtoto anahitaji dawa.

Lakini nataka mlitazame lile deni. Mkwe wangu alikuwa na kisima, tangi, gesi na ukuta. Usiku ule havikumsaidia kitu. Kilichomsaidia ni shilingi 500 alizokuwa hajalipa, na kijana yule wa bajaji naye alikuja kwa sababu ya chai aliyokuwa hajalipa. Kwa njia ile ndogo sauti yake ilijulikana na mtu mmoja katika mtaa mzima. Mama yule ni Mwislamu, na mkwe wangu ni Mkristo. Kila mmoja wenu anaujua mfano wa yule Msamaria, basi sina haja ya kuusimulia.

Juma lililofuata mkwe wangu na mumewe walichukua sahani ya vitumbua, wakagonga geti la mbele saa za mchana. Bwana mmoja wa makamo akafungua. Aliposikia habari ya usiku ule aliinamisha kichwa. Akasema, "Nilisikia. Niliogopa." Wakabadilishana namba za simu. Sasa nyumba saba za njia ile zina namba za wenzao, na mama wa vitumbua anazo zote.

Wakubwa wetu waliliona jambo hili zamani. Katika miaka ya 1960 chama cha TANU kiliweka mabalozi wa nyumba kumi kumi, ili kila mtu awe na mtu wa karibu anayemjua. Wenzetu wa Kenya nao walianza mpango wao wa Nyumba Kumi mwaka 2013, kwa ajili ya usalama. Na maaskofu wa nchi zetu walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliitanguliza kazi ya kujenga jumuiya ndogo ndogo, yaani watu wanaokaa karibu wasali pamoja na kusaidiana, tajiri na maskini, kama walivyopangwa na makao yao. Mambo hayo ni mema. Lakini balozi hawezi kwenda kukuombea chumvi. Hiyo itakubidi uende mwenyewe.

Sasa mtu wa shamba anayesoma maneno haya ameanza kutabasamu. Anasema moyoni, "Masikini watu wa mjini! Sisi huku hatuna kuta." Ndugu yangu, ngoja kwanza. Huku kwetu kuta ziko, ila hazionekani. Nami nitatoa ushahidi juu ya nafsi yangu.

Shamba langu la karanga limepakana na la jirani mmoja. Katikati kulikuwa na msitari wa minyaa uliopandwa na wazee wetu. Minyaa mingine ilikufa, na mahali pale mpaka ukawa wa kukisia. Mwaka mmoja yeye alilima kwa plau ya ng'ombe, nami nikaona matuta mawili yameingia kwangu. Sikumwuliza. Nilikwenda jioni nikapanda minyaa mipya, tena niliipanda upande wake kidogo ili nimkomeshe. Yeye hakuniuliza. Aliing'oa. Basi tukanyamaziana miaka mitatu. Tulipokutana njiani kila mtu alitazama mbuzi. Wake zetu waliacha kuazimana vyombo. Watoto wetu walizungukia nyuma ya shule ili wasipite uani kwetu wala kwao. Ile njia kati ya nyumba zetu iliota majani kweli kweli, mpaka nyoka akauawa pale.

Watu walitushauri tupeleke shauri kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza hilo liwe na watu 7, na kati yao wanawake wasipungue 3, na kazi yake ni kupatanisha. Halitozi mtu nauli wala halimpotezei siku mjini. Sisi tulijiona wakubwa. Kila mmoja alitamba kwamba atafika wilayani, na kwamba hata akiuza ng'ombe wote, mpaka ni wake.

Siku moja alasiri nilisikia hodi. Nikatoka. Ni yeye, amesimama nje ya ua, ameshika baiskeli. Gurudumu la nyuma halina upepo. Akasema, "Nimekuja kuomba pampu."

Nasema kweli mbele yenu, jibu la kwanza lililonijia ni kwamba pampu imeharibika. Lakini ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma yangu, naye anaiona. Nikampa. Akajaza upepo, akarudisha, akasema asante. Akasimama kidogo. Nami nikasimama. Nikasema, "Mvua mwaka huu zinachelewa." Akasema, "Zinachelewa." Hayo tu. Kesho yake mama watoto akamtuma mtoto kwao kuomba mchi. Jioni mchi ulirudi na bakuli la mlenda juu yake.

Haikupita miezi miwili, tukaenda wote wawili shambani pamoja na wazee watatu na mama mmoja wa baraza. Tukahesabu hatua kutoka mwembe mpaka kichuguu. Tukakuta kwamba yeye alikuwa ameingia kwangu hatua mbili, nami kwa minyaa yangu nilikuwa nimeingia kwake hatua mbili na nusu. Tulicheka mpaka mzee mmoja akatukemea. Miaka mitatu bila salamu kwa ajili ya nusu hatua!

Baadaye sana nilikwenda nyumbani kwake. Katika ukumbi wake nikaona pampu ya baiskeli imetundikwa ukutani, nzima, tena nzuri kuliko yangu. Nikamwuliza, "Hii umenunua lini?" Akatazama chini akicheka. "Ipo siku zote," akasema.

Tangu siku ile mimi huwa simdharau mtu anayeomba. Mwenzangu angeweza kuja na debe la karanga kunipa, nami kwa kiburi changu ningelikataa, nikasema anajionyesha. Lakini alikuja akiwa na upungufu. Alinipa mimi nafasi ya kuwa mwema, wakati sikustahili. Tena ilimgharimu, maana kumwomba adui ni kazi ngumu kuliko kumpa.

Hata hivyo, kuomba kuna adabu yake. Sote twamjua yule bwana anayeazima jembe wakati wa kulima na kulirudisha wakati wa kuvuna, likiwa limevunjika mpini. Basi haya ndiyo niliyojifunza kwa wazee wangu na kwa makosa yangu.

Kwanza, omba kidogo na urudishe upesi. Chombo cha jirani kisilale kwako pasipo sababu, wala kisirudi kitupu, hata ikiwa ni limau moja ndani yake. Na ukikivunja, sema mwenyewe kabla hujaulizwa.

Pili, aliyekuomba leo usimtangaze kesho. Hapa ndipo mkwe wangu aliposema kweli. Maneno ya barazani yamefunga milango mingi kuliko wezi. Ukiona jirani hana chumvi, mpe chumvi na unyamaze. Mtoto wako pia umfundishe kwamba anayoyaona katika sufuria za watu hayaletwi nyumbani.

Tatu, ukiona jambo la kukuudhi, kauulize siku ile ile. Matuta mawili ukiyaulizia leo ni matuta mawili. Ukiyanyamazia miaka mitatu yatakuwa kesi ya wilaya.

Nne, ukiwa na watoto mjini, waulize neno moja utakapowapigia simu. Sisi wazazi tumezoea kuuliza mshahara, afya na shule. Waulize pia, "Anayekaa mbele yako anaitwa nani?" Wakishindwa kujibu, usiwagombeze. Waambie tu waende wakamwombe kitu, hata ngazi ya kupandia darini. Jirani akisita mara ya kwanza, wasikate tamaa.

Na wewe uliye kijijini, unamjua mtu ambaye hujapiga hodi kwake tangu msimu wa mvua wa mwaka juzi. Sitamtaja, nawe usimtaje. Moyo wako umekwisha kumtaja. Wewe unangoja aje akuombe radhi, naye anangoja wewe. Radhi ni mzigo mzito, si kila mtu anaweza kuubeba siku ya kwanza. Pampu ni nyepesi. Ungo ni mwepesi. Kijinga cha moto ni chepesi zaidi.

Mwezi uliopita mkwe wangu alimpigia simu mama watoto. Walizungumza habari za mtoto, kwamba sasa anakula vizuri na anasumbua watu. Kisha mama watoto akamwuliza kama amekwisha lipa lile deni la vitumbua.

"Mama, nilimpelekea," akajibu. "Akapokea. Halafu akanipa vingine vya mia tano, akasema chenji hana."

Kwaherini, wasomaji wapenzi, mpaka juma lijalo. Msalimuni jirani.